Digrii ya ubunifu wa mawasiliano: lazima nijue kuchora?

dogo_temeke: Wakuu, nimechaguliwa kusoma ubunifu wa mawasiliano. Mkono wangu wa kuchora mzito, na laptopu sina. Mzee anauliza, "Miaka 3 yote ya kutengeneza mabango?" Nimjibu nini?

pindo_na_mji: Dogo, niko mwaka wa 3 na nikichora mbuzi watu bado wanauliza kama ni mbwa. Muhula wa kwanza hatukugusa kompyuta. Tulikata herufi kwenye manila na kuzipanga, mwalimu akipita na rula. Kilichonifungua macho ni kanga ya bibi: pindo linazunguka, mji katikati, jina (yaani ule msemo wake) chini, herufi kubwa zinazosomeka hata mvaaji akitembea. Ukijua kwa nini jina limekaa pale, kozi umeianza.

Kilichoniliza ni uchapaji. Nilitengeneza bango la chandarua, kijani kikang'aa kwenye skrini kama embe bichi. Kwenye karatasi likatoka kama mchicha uliolala. Nilifanya kazi kwa RGB, rangi za mwanga, wakati mashine inachapa kwa CMYK, rangi za wino. Shilingi 15,000 zikaenda, na kuwasilisha ni kesho yake asubuhi!

mama_fonti: Laptopu isikuumize kichwa mwanangu. Programu kama Inkscape ya kuchora na Scribus ya kupanga kurasa ni za bure, anza nazo hata kwenye kompyuta ya kuazima. Hela ya kuchapa ndiyo utenge mapema.

dogo_temeke: Asanteni. Nimemwonyesha mzee kanga ya mama. Kaitazama weee, kisha kasema jina lake lina kosa la herufi.