Msaada: ndugu yangu kapooza mguu baada ya upasuaji, nikazie hoja gani?

Njia_Panda: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Ndugu yangu kapasuliwa uti wa mgongo, sasa mguu mmoja umepooza. Daktari hakumwonya. Hati ya madai dhidi yake nimeshaiandaa, nikazie wapi?

Sheria_Tu: Kazia ridhaa, yaani mgonjwa kukubali upasuaji akiwa ameelezwa hatari zake. Kesi ya Montgomery, Uingereza 2015: mama mjamzito mwenye kisukari hakuambiwa kuwa hatari ya mabega ya mtoto kukwama ilikuwa asilimia 9 hadi 10. Alishinda. Kinachopimwa sasa ni kile ambacho mgonjwa mwenye busara angetaka kukijua.

Shangazi_Neema: Wanangu, madaktari nao ni binadamu. Samehe, kesi hairudishi mguu.

Faili_Kwanza: Mkuu, yalitokea lini?

Njia_Panda: Miaka minne iliyopita. Lakini hospitali ilikuwa inajibu barua zetu, ndiyo maana tukasubiri. Kuanza upya siwezi.

Faili_Kwanza: Kwa kawaida kuandikiana barua hakusimamishi ukomo wa muda wa kufungua kesi. Uingereza, kwa mfano, ni miaka 3 tangu jeraha au tangu mdai ajue chanzo chake. Ukipita, unamwomba jaji, naye hupima sababu ya kuchelewa na hali ya ushahidi. Soma sheria ya mahakama yako leo hii.

Jicho_Kali: Uzi wa kutunga huu. Mgongo, mguu, onyo halikutolewa: ni kesi ya Uingereza ya Chester v Afshar ya 2004 tupu! Hatari ya asilimia 1 hadi 2 haikutajwa, mgonjwa akashinda kwa majaji 3 dhidi ya 2.

Njia_Panda: Sijatunga. Wetu alisaini fomu. Tena alipozinduka vidole vya mguu vilicheza vizuri. Mguu ulianza kufa ganzi usiku, picha ya MRI ya mgongo ikapigwa kesho yake mchana.

Faili_Kwanza: Sasa hiyo ndiyo kesi! Mguu uliokuwa mzima ukidhoofika saa chache baada ya upasuaji, hushukiwa damu iliyovilia ikibana neva. MRI huwa ya dharura. Omba faili zima: chati ya manesi yenye saa walizopima nguvu za miguu, kumbukumbu za kumwita daktari wa zamu, na picha zenyewe, si ripoti tu. Mdaiwa awe hospitali, maana inawajibika kwa iliowaajiri. Mtafute shahidi mtaalamu wa upasuaji wa mgongo. Kesi ya Uingereza ya Bolam (1957) humlinda daktari aliyefuata utaratibu unaokubaliwa na wenzake, ila ile ya Bolitho (1997) hutaka utaratibu huo uwe na mantiki. Mtaalamu wako aseme kama walichelewa, na kama wangewahi mguu ungepona. Hilo la pili ndilo gumu.

Njia_Panda: Na hati niliyoandaa?

Sheria_Tu: Usiiwasilishe hivyo. Ucheleweshaji wa MRI uwe dai la kwanza, ridhaa la pili. Saini pekee haithibitishi kwamba alielezwa. Ila muda wa ukomo uangalie kabla ya kumlipa mtaalamu.