Bakuli la mwembe mbichi: ukuta uachwe unene gani, na nyuzi zinazong'oka pande mbili zinatibiwaje?

MarandaMengi

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wanaokereza mbao mbichi. Nina mabakuli mawili ya mwembe kutoka gogo moja, lililopasuliwa katikati kwa msumeno wa mnyororo siku mbili kabla ya kufungwa kwenye mashine.

La kwanza lina upana wa sm 28 na kimo cha sm 11. Limekerezwa ile mara ya kwanza tu (ya pili huja likishakauka): ukuta milimita 20 mdomoni, kitako kama milimita 40. Likawekwa rafuni wazi, na siku ya tisa ufa ukatokea mdomoni, upande ambao ncha za nyuzi zimeangalia nje. Urefu wake kama sm 4.

La pili bado liko mashineni, saizi ileile. Hili halina ufa, ila nje lina sehemu mbili zinazotazamana zenye manyoya, kama mtu kazing'oa nyuzi kwa kucha. Msasa namba 80 umepita na bado zinaonekana. Bobari (patasi yenye mfereji) ni ya milimita 10, makali digrii 45, mwendo mizunguko 700 kwa dakika. Chaku (kishikio cha mashine) ina taya za milimita 50, ulimi wa bakuli (sehemu ya kitakoni inayoshikwa na taya) ni milimita 60.

Ukuta niuache unene gani kabla ya kukausha? Na hayo manyoya yanatoka vipi? Wengine pia semeni mna nini mashineni wiki hii.

UlimiNaTundu

Hapo kuna watuhumiwa wawili. Wa kwanza ni kitako cha milimita 40. Mdomo wa 20 unakauka na kutaka kusinyaa, kitako bado kimelowa na hakisogei. Kinachosalimu amri ni mdomo, tena pale nyuzi zilipoangalia nje, kwa kuwa huko maji hutoka haraka kuliko ubavuni.

Wa pili ni moyo wa gogo, kile kidoa cha katikati ya miduara. Kupasua gogo nusu kwa nusu hakuuondoi, unabaki kwenye uso wa vipande vyote viwili. Na kwa kawaida uso huo ndio unakuwa mdomo wa bakuli, yaani palepale ulipopata ufa. Kata sm 2 hadi 3 kutoka uso huo utupe, ndipo uchore duara. Inauma kupoteza kimo, lakini moyo ukiubakiza hata nta haitakusaidia.

Unene: anza na moja ya kumi ya upana. Bakuli la sm 28, ukuta milimita 28, na unene huohuo ushuke mpaka kitakoni. Ukikosea milimita mbili tatu si neno, mradi kote kulingane.

Kwa nini usiufanye mwembamba zaidi? Piga hesabu. Mbao husinyaa kwa upana wa nyuzi, kwa urefu wake karibu haisinyai kabisa. Tuseme kwa mfano asilimia 6. Bakuli la milimita 280 litabaki 280 upande mmoja na 263 upande mwingine, yaani limekuwa yai. Kwa ukuta wa 28, tundu la ndani lilikuwa 224, na kwa urefu wa nyuzi bado ni 224. Ili kurudisha duara, nje utashuka hadi 263 na ndani utapanua hadi 224. Zinabaki 39, gawa kwa mbili, unapata ukuta wa milimita 19 na nusu wa kuchezea. Sasa weka ukuta wa 15: ndani ni 250, zinabaki 13, ukuta wa 6 na nusu, na hapo hujahesabu kujipinda. Ukienda upande mwingine ukaacha 45, nje inakauka ndani ikiwa mbichi, na ufa unarudi.

Kukausha: siku hiyohiyo paka nta ya maji (nta iliyochanganywa na maji) nje yote na juu ya mdomo, ukizidisha pale nyuzi zilipoangalia nje. Ndani acha wazi. Liingize kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana mwembe unashika ukungu haraka. Liweke chini, mbali na upepo na jua. Andika tarehe na gramu kwa penseli kwenye kitako, pima kila wiki kwa mizani ya jikoni. Uzito ukikaa palepale mara tatu au nne mfululizo, limekauka. Usihesabu miezi, fuata mizani.

Ulimi nao utakuwa yai. Wa 60 ukisinyaa unaweza kuusawazisha hadi 56, taya za 50 bado zinashika vizuri. Ila kwa bakuli bichi la sm 28, ulimi wa 60 ni mdogo. Theluthi ya upana ndiyo salama, yaani 90 na kitu. Kama huna taya kubwa, acha kichwa cha nyuma (sehemu ya mashine inayobana bakuli kutoka upande wa pili) kiendelee kusukuma mpaka umalize nje yote, na ndani uondoe kidogo kidogo. Kimo cha ulimi milimita 6 hadi 8, wala ncha yake isiguse sakafu ya chaku. Bega la bakuli ndilo likae juu ya taya; ulimi ukigusa chini, bega linaning'inia na bakuli litayumba tu.

BobariKali

Nijibu la manyoya. Kwanza acha msasa wa 80. Unakula mbao laini iliyo pembeni na kuacha shimo la nyuzi lilivyo, unaishia na bakuli lenye mabonde.

Sehemu ni mbili kwa sababu nyuzi zimelala kukingama na mhimili wa mashine. Katika kila mzunguko makali yanafuata nyuzi mara mbili na kuzipinga mara mbili. Zile mbili za kuzipinga ndizo zenye manyoya, na hazitaisha kabisa kwa mwelekeo wa mkono peke yake, lakini mwelekeo ni mwanzo: nje toka kitakoni kwenda mdomoni, ndani toka mdomoni kwenda katikati. Ukigeuza, unazing'oa kote.

Kisha makali. Geuza bobari uangalie ukingo wake chini ya taa. Ukiona mstari mweupe mwembamba unaong'aa, hayo si makali, ni butu linalorudisha mwanga. Makali halisi hayaonekani. Noa kabla ya mkato wa mwisho hata kama ulinoa dakika kumi zilizopita. Mwembe mbichi una mchanga kwenye gome na unaua makali upesi. Ili usibadilishe pembe bila kujua, paka wino wa kalamu nene kwenye mteremko wa makali, gusa jiwe mara moja, tazama wino umetoka wapi. Ukitoka kisigino pekee (nyuma ya mteremko), jiwe halijafika kwenye makali. Na kama patasi ni ya chuma cha HSS (chuma kigumu kinachostahimili joto), ikigeuka bluu usiitumbukize majini, bluu haiiharibu ila maji ya ghafla yanaweza kuitia nyufa ndogo.

Mkato wa mwisho wa nje: weka egemeo (chuma cha kuegemezea patasi) karibu, milimita 4 hivi. Shusha mpini mpaka uguse paja, geuza mfereji wa bobari uangalie mbao, makali yalale kama digrii 45, na yaparuze badala ya kuchimba. Sogea taratibu, chini ya nusu milimita kwa pito moja. Ukifanya sawa, maranda yanatoka kama pamba na kung'ang'ania kwenye patasi. Yakitoka kama unga, umeshabutua.

Ikigoma, lowesha zile sehemu mbili tu kwa maji au shelaki (aina ya vanishi) iliyozimuliwa, nyuzi zisimame ngumu, kisha pito moja jepesi. Lakini hili lako si la mwisho! Litakerezwa tena likikauka, kwa hiyo manyoya ya milimita moja leo yatakwenda na yale maranda ya mara ya pili. Usimalize nguvu hapo.

Kitu kingine: bobari ya digrii 45 ikifika kwenye kona ya ndani, ukuta unapogeuka kuwa sakafu, mteremko wake unapoteza mguso na patasi inang'ata. Kwa sakafu tumia yenye digrii 60.

Mwendo wako wa 700 si mbaya kwa duara lililokwisha kusawazika. Kipimo cha mkononi: upana kwa sm mara mizunguko, jibu liwe kati ya 15,000 na 23,000. Kwa 28 ni kama 535 hadi 820. Bonge lenye gome halifuati hesabu hiyo. Anza 300, panda mpaka mashine ianze kutetemeka, rudi nyuma kidogo. Unapowasha, simama pembeni ya mstari wa bonge, kinga ya uso ikiwa imeshuka, glavu hapana.

Nyembamba5

Kwa heshima zote, si lazima kukereza mara mbili. Hapa mashineni kuna mwembe uleule, sm 22, umekerezwa ukiwa mbichi mpaka milimita 5 kwa mkupuo mmoja, ukaachwa ujipinde utakavyo. Ukuta mwembamba ulio sawa kila mahali unapinda badala ya kupasuka.

Masharti yake ni makali kidogo. Usilale nalo nusu. Ukienda kunywa maji, lifunike kwa kitambaa kilicholowa. Maliza mdomo kwanza, sm 3 hivi za kina hadi unene wa mwisho, ndipo ushuke ngazi inayofuata, na usirudi tena juu. Ukishafika kitakoni mdomo umeshakuwa yai, na patasi ikiugusa utaokota vipande. Kwa kupima, weka taa nyuma ya ukuta uzime taa ya karakana. Mbao mbichi inapitisha mwanga, na pale penye giza ndipo penye nene. Msasa subiri likauke, kwa mkono.

@UlimiNaTundu, ile hesabu ya 19 na nusu ni safi, lakini asilimia 6 si ya kila mti. Mwenye mti usiozoeleka aache milimita tatu za ziada.

UlimiNaTundu

Kweli, asilimia 6 ilikuwa ya mfano. Na la ukuta ulio sawa kila mahali tunakubaliana, unene sawa kwanza.

VipiniTu

Wiki hii ni vipini vya patasi. Sm 42, unene milimita 35, pete ya bomba la shaba la milimita 22. Tundu la patasi litobolewe kabla ya kukereza, kina milimita 55, halafu ncha ya kichwa cha nyuma iingie kwenye tundu lenyewe. Ukitoboa mwishoni, patasi itatazama upande.

MarandaMengi

Nimeelewa, moyo ulibaki mdomoni kweli. Swali la mwisho: lile lenye ufa, nimimine gundi ya matone nilikereze tena?

BobariKali

Ligonge kwa kifundo cha kidole, ukilishika kitakoni. Likilia kavu, ufa umeingia kuliko unavyouona. Wa sm 4 unaotoka nje mdomoni usiurudishe mashineni na gundi peke yake. Gundi ya matone iliyo nyepesi kama maji inafaa kwa ufa wa unywele tu, na paka shelaki pembeni kwanza isiache doa jeusi. Likikauka kabisa, kata mdomo chini ya mwisho wa ufa, sm 5 zote, kwa mwendo wa chini kabisa, kichwa cha nyuma kikisukuma na mdomo umezungushiwa gundi-tepu imara. Utabaki na sahani ya kimo cha sm 6. Ufa ukionekana bado, hata kama ni mstari wa nywele, zima.