Nasoma chuo, nalea peke yangu, na nimeletewa wito wa mahakama. Gharama nazimudu vipi?

Nesi_Mtarajiwa ameandika:

Wadau, habari zenu. Naomba ushauri, hasa kwa waliowahi kupita huku au wanaofanya kazi mahakamani.

Niko mwaka wa tatu, nasomea uuguzi. Nina binti wa miaka minne, namlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Baba yake hatukufunga ndoa. Matunzo anatoa akijisikia. Akikasirika, simu haipokelewi. Sasa amefungua shauri anaomba mtoto akaishi kwa bibi yake mzaa baba, kwa hoja kwamba mimi ni mwanafunzi, sina kipato na usiku nakuwa wodini. Wito uliletwa mpaka mlangoni, nikasaini, nikaufungua palepale nimesimama. Tarehe ya kwanza ya shauri ni siku ya mtihani wangu wa famakolojia.

Nilienda kwa wakili. Alinisikiliza vizuri, lakini bei aliyotaja inalingana na ada yangu ya muhula mzima, nusu nitangulize, na kila siku ya kufika mahakamani inalipiwa peke yake. Pesa niliyo nayo ni ya mkopo wa chuo, na ndiyo hiyo hiyo inayolipa chumba na dada anayekaa na mtoto nikiwa zamu. Nikimlipa wakili, sifanyi mitihani. Nisipofanya mitihani, hoja ya kwamba sina mbele wala nyuma nitakuwa nimempa mwenyewe.

Je, kuna njia ya kupunguziwa gharama? Nikienda bila wakili nitaonekana sijali? Na nikishinda, atanirudishia nilichotumia?

Ndugu zangu wanasema niahirishe masomo mwaka mmoja. Sitaki. Huyu mtoto ndiye anayenifanya niamke alfajiri kusoma.

Kaka_Mkubwa:

Pole sana dada. Mimi ningekopa kwenye kikundi nimlipe wakili. Mwenzako anaye, wewe ukienda mikono mitupu watakuzidi nguvu.

Karani_Mstaafu:

Mwanangu, pole. Nimefanya kazi masjala ya mahakama mpaka nikastaafu, na mafaili ya watoto yalipita mengi mezani kwangu. Kaka hapo juu ana nia njema, lakini kwa heshima, usikope kwanza.

Aliyefungua shauri ni yeye, kwa hiyo ada ya kufungua imeshamhusu yeye. Kazi yako ya kwanza ni kujibu, na kujibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye wito. Soma karatasi yote, hata maandishi madogo ya chini. Watu wengi niliowaona wakipoteza haki zao hawakushindwa kwa hoja. Walikaa kimya, shauri likasikilizwa upande mmoja, halafu wakaanza kuhangaika na maombi ya kutengua uamuzi, ambayo ni ghali kuliko jibu lenyewe.

Kuhusu mtihani: usingoje siku ifike. Andika barua fupi kwa mahakama sasa hivi, ambatanisha ratiba ya mitihani yenye muhuri wa chuo, omba tarehe nyingine, na nakala umpelekee wakili wa upande wa pili. Peleka mwenyewe masjala. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yako, uitunze. Kisha fuatilia mpaka upate jibu, maana barua kupokelewa si sawa na tarehe kubadilishwa. Na siku yenyewe, kama hujajibiwa, awepo mtu wa kueleza kwa nini hupo.

Sasa pesa. Hujasema uko nchi gani, lakini Tanzania, Kenya na Uganda zina utaratibu wa mtu asiye na uwezo kuomba afungue shauri bila kulipa ada, na katika kanuni za mashauri ya madai za nchi zote tatu utaukuta kwenye Amri ya 33 (Order 33, yaani sehemu ya 33 ya kanuni hizo). Huo utakufaa wewe ukitaka kuomba matunzo, na nakushauri uyaombe, kwa sababu yeye anadai mtoto na hapo hapo hamtunzi. Uliza kwanza dirishani kama ombi la matunzo lina ada yoyote, pengine halina. Kama ipo, omba msamaha wa ada kabla ya kulipa. Ukishalipa, kurudishiwa ni safari nyingine. Wakenya pia wana Katiba ya 2010, ibara ya 48: ada ikiwepo iwe ya kiasi, isimzuie mtu kuifikia haki.

Kinachomaliza pesa ya watu ni kuahirishwa. Shauri linatajwa, shahidi hayupo, hati haijakamilika, mnarudi mwezi ujao. Kila safari ina nauli, ina siku ya vipindi, ina malipo ya wakili kama unaye. Kwa hiyo kamilisha karatasi zako mapema, mashahidi wako wajue tarehe, na yale msiyobishana, kama vile kwamba yeye ndiye baba, yakubalini kwa maandishi ili muda usipotee kuyathibitisha.

Kuhusu kwenda bila wakili: hakimu hakupimi kwa suti ya mtu aliyesimama pembeni yako. Swali la shauri la mtoto ni ustawi wa mtoto, na ndivyo Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unavyosema katika ibara ya 3. Kuna uwezekano mahakama ikaagiza ripoti ya ustawi wa jamii. Afisa akija, anaangalia mtoto analala wapi, anakula nini, nani anakaa naye ukiwa zamu, kadi ya kliniki iko wapi. Hayo huyanunui kwa wakili.

Na kurudishiwa gharama, usilitegemee. Kwenye mashauri ya familia ni kawaida mahakama kuamuru kila upande ubebe gharama zake.

Kliniki_ya_Sheria:

Shikamoo mzee, umemaliza karibu yote. Naongeza upande wa chuo. Mimi nasoma sheria na nipo kwenye kitengo cha msaada wa kisheria cha kitivo chetu.

Dada, kama chuo chako au cha jirani kina kitivo cha sheria, ulizia kitengo kama hicho. Ni bure, na kazi inasimamiwa na wakili. Nenda wiki hii hii, kwa sababu hatuwezi kuhudumia pande mbili za shauri moja. Akitangulia yeye, au ndugu yake kwa niaba yake, wewe tutalazimika kukukatalia hata kama tunaona una haki. Nimeshaona mama mmoja akiondoka mlangoni analia kwa sababu hiyo, na hatukuwa na la kufanya.

Njoo na wito, cheti cha kuzaliwa, barua ya chuo, na ukurasa mmoja wa matukio yenye tarehe. Ukurasa huo uandike mwenyewe, kwa utulivu, bila matusi.

Nje ya chuo: Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayowatambua pia wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Kenya ina ya kwake ya 2016. Watakuuliza kipato chako, kwa hiyo uwe na barua ya mkopo inayoonyesha kiasi na matumizi yake.

Bado unaweza kumtumia yule wakili bila kumpa shauri zima. Muulize kama atakubali kusoma na kurekebisha majibu yako na hati ya kiapo tu, kwa bei ya kazi hiyo. Wapo wanaokubali. Kama kuna pesa kidogo ya kutoa, itoe hapo.

Nenda pia kwa mshauri wa wanafunzi. Hata kama hakuna mfuko wa dharura, ndiye anayeweza kukuombea mtihani maalumu tarehe ikigoma kusogezwa.

Mama_Ughaibuni:

Kwa walioko Uingereza (England na Wales) wanaosoma hapa: tangu Aprili 2013 msaada wa kisheria wa serikali haupo kwa migogoro mingi ya aina hii, isipokuwa kama una ushahidi wa ukatili wa nyumbani au mtoto yuko hatarini. Lakini ada ya mahakama inaombewa msamaha kwa fomu EX160. Usiiache.

Na wewe mdogo wangu, kama mnaweza kukaa mezani na msuluhishi, jaribu, kisha makubaliano yasajiliwe mahakamani yawe amri. Ila kama amewahi kukupiga au kukutisha, usikubali kukalishwa naye chumba kimoja. Mwambie msuluhishi mapema.

Nesi_Mtarajiwa:

Asanteni sana, na mzee shikamoo. Hajawahi kunipiga. Barua ya tarehe nimeandika leo, kesho naipeleka masjala kabla ya zamu. Kitengo cha sheria kipo chuoni kwetu, sikujua kabisa, nitapita mchana.

Swali moja: pesa alizowahi kutuma zote zilipitia simu, na mazungumzo yetu yako kwenye simu. Nafanyaje yatambulike?

Karani_Mstaafu:

Marahaba mwanangu. Usifute kitu, hata ujumbe unaokuumiza wewe. Omba taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu, ya kipindi chote tangu mtoto azaliwe, iwe na muhuri wao. Miezi asiyotuma itajionyesha yenyewe. Ujumbe uchapishe pamoja na namba na tarehe zake, usichague vipande, na kwenye hati ya kiapo ueleze simu ni ya nani na nani aliyechapisha. Simu yenyewe siku ya kusikilizwa uje nayo ikiwa na chaji. Ukiulizwa, uionyeshe.

Nakala tengeneza za kutosha: ya mahakama, ya upande wa pili, na yako. Mashine ya nakala iliyo karibu na mahakama mara nyingi ina bei ya juu kuliko ya chuoni, toa nakala huko huko kabla hujaondoka.