Taa za mbele zinachezacheza kwenye gari la umeme

Dereva wa Ntinda: Wakuu habari, nina gari la umeme la mtumba kutoka Japani, tangu juzi nikienda Jinja usiku taa zinachezacheza hasa nikikanyaga breki ama nikiwasha AC, na betri kubwa iko asilimia 70. Naogopa, pale msitu wa Mabira giza na malori hayaishi.

Fundi Nakawa: Pole ndugu. Betri kubwa hailishi taa moja kwa moja, kuna ile ndogo ya volti 12 inayochajiwa na konveta, kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa. Pima na mita: gari likizimwa na kupumzika iwe karibu 12.6, likiwaka 13 mpaka 14 na kitu, ikibaki 12 konveta haichaji. Nyaya za rangi ya chungwa usiguse kabisa, zile zinaua.

Dada Mukono: Yangu ilikuwa ethi tu, ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi, kutu imejaa, tukakwangua tukakaza nati ikaisha. Kama zinacheza kwenye video ya simu peke yake hiyo kawaida ya taa za LED.

Dereva wa Ntinda: Imezimwa 11.8, imewaka 14.1.

Fundi Nakawa: Konveta iko sawa basi, betri ndogo ndiyo imechoka. Badilisha, na ethi safisha hapohapo. Usiku usitoke kwanza.