Seva ya Sacco yetu: tubaki Windows au tuhamie Linux?

Mweka Hazina, Njoro: Ndugu zangu, Sacco yetu ya wakulima wa maziwa ina seva moja, yaani kompyuta kuu ya ofisi, ya Windows Server 2012 R2. Masasisho ya kawaida ya usalama yalikoma Oktoba 2023 na sasa mkaguzi ametuandikia barua. Windows mpya ni ghali: leseni inahesabiwa kwa kori, yaani viini vya kazi vya prosesa, halafu kila karani naye analipiwa ya kwake ya kuingia. Mwanakamati mmoja anasema tuweke Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, kwa kuwa haina bei. Ila programu yetu ya mikopo iliandikiwa Windows. Mngefanyaje?

Kondele Data: Wekeni Debian, aina moja ya Linux. Hakuna la kujadili.

Fundi wa Section 58: Linux ni ya vijana waliotoka chuo juzi. Ikigoma saa nne usiku, mzee wa Njoro atampigia nani? Nyinyi wa Kisumu mnapenda kuonekana wajanja, mambo yakiharibika mnazima simu.

Kondele Data: Tunazima simu? Bwana, mimi natunza seva za Siaya na Bondo, ambako stima hupotea bila hodi, na sijawahi kumkimbia mteja. Taja jina la aliyezimiwa simu. Na kama ni kuharibika, nani alilia WannaCry, virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia, ilipoingia 2017? Si Windows?

Fundi wa Section 58: Kiraka cha kuziba tundu la WannaCry kilitoka Machi, virusi vikaja Mei. Aliyelala ndiye aliyeliwa. Tuzungumzie CentOS 8 basi, nayo ni aina ya Linux. Tuliahidiwa kutunzwa hadi 2029. Desemba 2020 wakageuka, mwisho wa 2021 ikazikwa. Nilikuwa nimeshaiwekea wateja, nikaanza upya kwa gharama yangu.

Nyar Maseno: Hiyo ilikuwa kampuni ya Red Hat, iliyokuwa nyuma ya CentOS, si Linux yote. Rocky na AlmaLinux, za kushika nafasi ya CentOS, zilianzishwa kwa sababu ya usaliti huohuo. Lakini mimi nimekuja kwa lile neno la "vijana waliotoka chuo juzi". Linus Torvalds, mwanzilishi wake, alikuwa mwanafunzi Helsinki alipoitoa Linux 1991. Wanafunzi wangu wanaweka Samba, programu ya Linux ya kuhudumia kompyuta za Windows, ikasimamia akaunti za ofisi nzima, na bado watu wazima wanawaita watoto. Inaniuma.

Fundi wa Section 58: Mwalimu, sikukutukana wewe. Ila huo mlango wa siri uliopatikana kwenye xz, programu ya Linux ya kubana mafaili, mwaka 2024, nani aliugundua? Andres Freund, mfanyakazi wa Microsoft!

Nyar Maseno: Na aliugundua kwa sababu msimbo uko wazi! Aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kumechelewa kama nusu sekunde, akachimba mpaka kwenye mzizi. Jaribu kuchimba hivyo ndani ya Windows ukiwa nje ya Microsoft.

Dada wa Kakamega: Mnagombana majina tu. Zahanati niliyofanyia kazi ilikuwa na Windows iliyolipiwa vizuri. Fundi akapata kazi Ghuba, akaondoka na pasiwadi kichwani. Wiki nzima tuliandika wagonjwa kwenye daftari. Ingekuwa Debian tungelia vilevile. Mzee wa Njoro, nani mwingine ana pasiwadi yenu? Na nakala za data, mara ya mwisho kuzijaribu kuzirudisha ni lini?

Mweka Hazina, Njoro: Pasiwadi anayo kijana mmoja tu. Nakala ziko kwenye diski iliyo juu ya seva hiyohiyo.

Dada wa Kakamega: Juu ya seva! Baba, toa hiyo diski leo. Mwizi au moto ukifika, vyote vinaenda pamoja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawadai nyinyi, si kijana.

Kondele Data: Hapo dada amesema kweli. Bado nangoja jina la aliyezimiwa simu.

Fundi wa Section 58: Utangoja sana.

Mweka Hazina, Njoro: Diski nitaipeleka benki kesho. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu programu ya mikopo. Inatumia SQL Server, hifadhidata ya Microsoft.

Nyar Maseno: SQL Server imekubali Linux tangu toleo la 2017, hifadhidata inaweza kuhama. Sehemu ya programu iliyo kwenye kompyuta za makarani, iliyoandikiwa Windows, ndiyo shida. Muulize aliyeiandika kama bado anaitunza.

Mweka Hazina, Njoro: Aliyeiandika ndiye huyo kijana.

Fundi wa Section 58: Mzee, nitumie namba yako kwa faragha. Usinunue chochote kwanza.

Kondele Data: Ndiyo hiyo sasa, anatafuta kazi!