Tupeane uzoefu: kifungo cha nje kimefanyaje kazi mtaani kwenu?

Mwanzishaji, Kisumu
Wanachama wenzangu, kila Bunge linapoletewa mswada wa kurekebisha sheria za jinai, mjadala huishia kwenye miaka: nani aongezewe, nani apunguziwe. Mimi ningependa tuzungumzie kilichomo tayari. Tangu ipitishwe Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998, hakimu hapa Kenya anaweza kumpa mkosaji kifungo cha nje, yaani kumwagiza afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kumpeleka gereza la Kodiaga, mradi kosa lenyewe lina kifungo kisichozidi miaka 3, au ni zito zaidi lakini hakimu ameona linastahili miaka 3 au chini yake. Kabla ya agizo, afisa hutumwa kuchunguza hali ya mkosaji, na naamini uzito wote wa jambo hili umo katika uchunguzi huo. Aliyeyaona haya kwa macho yake atueleze. Ya kusikia tuyaache.

Mama wa Nyalenda
Kijana wangu alikiri kuiba simu. Afisa wa probesheni alikuja nyumbani, akazungumza nami, akaenda kwa mzee wa mtaa, kisha akaketi na fundi wa kuchomelea vyuma ambaye alikuwa akimpa kibarua. Fundi ndiye aliyemwokoa, kwa kuwa alisema mbele ya afisa kwamba yuko tayari kumpokea tena. Mahakama ikaagiza afyeke nyasi na kufagia katika zahanati asubuhi, na mchana akawa anarudi kwenye karakana. Muda wa kazi hiyo hauruhusiwi kuzidi kifungo ambacho angepewa, jambo ambalo majirani wengi hawakulijua, wakawa wananiuliza kama atafagia mpaka azeeke. Nauli na chakula vilikuwa juu yangu, lakini hata mfungwa wa ndani hugharimu jamaa zake.

Muuza duka, Bondeni, Nakuru
Mimi nilikuwa upande wa pili. Aliyenivunjia duka nilimkuta akifagia uwanja wa ofisi ya chifu, nikaamini kabisa kwamba amehonga mtu, hadi karani mmoja aliponieleza kuwa ile ndiyo adhabu yenyewe. Hakuna aliyekuwa amenipigia simu. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya mwaka 2014 inataka maoni yangu yasikilizwe, na hakimu ana uwezo wa kuagiza nilipwe fidia. Ningeulizwa, ningeomba fidia hiyo na kuliacha gereza pembeni. Siipingi adhabu hii. Ninachopinga ni mwenye hasara kupata habari zake akiwa njiani kwenda sokoni.

Mama wa Nyalenda
Dada wa Bondeni, una haki. Kwetu pia mwenye simu hakutembelewa. Mimi ndiye niliyekwenda kwake na mzee wa mtaa kumwomba radhi, na hiyo haikuwa kazi ya mzazi.

Mwalimu, Shinyalu
Huku Kakamega wapo wanaodhani kwamba njia hii inafaa kila kosa. Nimeona wazee wakijaribu kumaliza kesi ya unajisi wa mwanafunzi kwa ng'ombe, huku wakisema mshtakiwa akafanye kazi ya kanisa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa kumnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, kisichopungua miaka 20 kwa wa miaka 12 hadi 15, na kisichopungua 15 kwa wa miaka 16 hadi 18. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba viwango hivyo vya chini vibaki. Hapo sina la kujadiliana na mzee yeyote.

Mkulima, Molo
Ndugu yangu hakupata kifungo cha nje. Alikaa rumande muda mrefu kwa kukosa mdhamini mwenye hati ya shamba, na hukumu iliposomwa muda huo haukutajwa, ingawa kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaagiza uzingatiwe. Tuliiandikia Mahakama Kuu barua ya kuomba marejeo, yaani hukumu iangaliwe upya, bila wakili, na jaji akaamuru kifungo kihesabiwe tangu siku aliyokamatwa. Mwenye jamaa gerezani aombe kuonyeshwa hati ya kifungo, aangalie kinaanza tarehe gani.