Seva ya 2003 haioni diski zaidi ya 2 TB

kibodi_butu: Wakuu heshima yenu. Nina seva ya zamani inatumia Windows Server 2003 ya biti 32, nimeongeza diski 4 za TB 1 nikaziunga RAID 5 (zinaonekana kama diski moja, nafasi ya diski moja inatumika kulinda data), sasa nategemea nipate kama GB 2794 lakini nikitengeneza patisheni inagoma kwenye GB 2048, hizo 746 zilizobaki ziko pale zinaonekana ila nikizigusa hazikubali kitu. Nimeshafomati tena wapi, vilevile. Shida ni kontrola au windozi?

RootMtulivu: Wala diski haina shida mkuu. Hiyo ni MBR, mtindo wa zamani wa kupanga patisheni kwenye diski, inahesabu sekta kwa namba ya biti 32, na sekta moja ni baiti 512, piga hesabu utaona inaishia hapohapo 2 TB. Dawa ni GPT, mtindo mpya wa kazi hiyohiyo. Una SP1 au SP2 (Service Pack, vifurushi vya masasisho ya windozi)? Kama huna, 2003 ya biti 32 haiijui GPT kabisa, anzia hapo.

kibodi_butu: SP2 ipo. Sasa naigeuzaje, kuna data nimeanza kuweka

RootMtulivu: Hamisha data kwanza, maana 2003 haigeuzi diski yenye patisheni. Halafu kwenye dirisha la amri andika diskpart, list disk, select disk na namba yake, clean, convert gpt. Hiyo clean inafuta diski nzima na haiulizi mara mbili, sasa ukichagua namba ya diski yenye windozi shauri yako.

sekta_sifuri: Naongezea, windozi yenyewe ibaki kwenye MBR. 2003 ya mashine za kawaida haibuti kwenye GPT, mpaka uje 2008 ya biti 64 na ubao wenye UEFI (programu ya kuwashia mashine iliyochukua nafasi ya BIOS). Kuna watu watakwambia weka dynamic disk uunganishe vipande vidogo vidogo, inafanya kazi kweli ila kipande kimoja kikifa volyumu yote imekwenda, mimi siipendi.

kibodi_butu: Windozi iko kwenye diski yake peke yake, afadhali. Na bekapu?

sekta_sifuri: Cheki programu yako ya bekapu, za zamani nyingine hazisomi GPT. Na siku ukichomeka diski hizo kwenye XP ya biti 32 utaona imeandikwa "GPT Protective" na haifunguki, data ipo salama, we usikubali mtu aifomati tu.